Akili unde: Kinachomfanya mfanyakazi wa benki aendelee kuitumia au aipe kisogo

NI rahisi kwa benki kujua idadi ya wafanyakazi waliopewa programu za akili unde. Ni vigumu zaidi kujua wangapi kati yao wanaendelea kuzitumia miezi sita baadaye, na vigumu mno kujua sababu za wale waliozipa kisogo.

Tofauti hiyo si ndogo. Mitambo ya kuchuja maombi ya mikopo, ya kunasa ulaghai au ya kuandaa ripoti hununuliwa kwa fedha nyingi. Faida yake haionekani siku ya uzinduzi, wakubwa wanapopigwa picha, bali huja polepole iwapo afisa aliyeketi mbele ya tarakilishi ataifungua tena kesho na keshokutwa kwa hiari yake. Akiiacha, mwajiri hubaki akilipia leseni ya kitu kisichotumika. Akiitumia bila kuihoji, anayeumia aweza kuwa mteja aliyenyimwa mkopo au aliyefungiwa akaunti bila kosa.

Swali la kinachomfanya mtu aendelee kutumia teknolojia aliyokwisha kuikubali limewashughulisha wasomi kwa zaidi ya miaka 20. Kwa wafanyakazi wa benki, bima, vyama vya akiba na mikopo na kampuni za uhasibu, jibu lake lina uzito wa pekee kwa kuwa wanashughulika na fedha za watu wengine, na kila wanachokiidhinisha hubeba jina na saini yao.

Kuhusu jina lenyewe, akili unde ndilo lililozoeleka zaidi nchini Kenya ilhali Watanzania husema akili mnemba. Wapo pia wanaosema akili bandia, ingawa hilo humkumbusha msomaji noti za bandia, jambo ambalo watu wa benki hawalipendi hata kwa mzaha.

Mgeni aliyekuwamo tangu zamani

Kinyume na inavyodhaniwa, mashine zinazotoa hukumu si geni katika sekta ya fedha. Nchini Marekani, alama ya FICO inayopima uaminifu wa mkopaji ilianza kutumika mwaka 1989. Miaka ya mapema ya 1990, kampuni za kadi za benki huko zilikuwa tayari zinatumia mitambo iliyojifunza yenyewe kutambua malipo ya kutiliwa shaka.

Hapa Kenya, mwanzo unaokumbukwa na wengi ni Novemba 2012 wakati kampuni ya Safaricom na Benki ya CBA zilipozindua M-Shwari. Mkopo mdogo uliamuliwa kwa sekunde chache kutokana na historia ya matumizi ya simu na M-Pesa, pasipo afisa yeyote kumtazama mwombaji usoni. KCB M-Pesa ilifuata mwaka 2015, na katika miaka hiyohiyo programu za rununu kama vile Tala na Branch zikaingia sokoni.

Katika mikopo hiyo midogo, afisa wa mikopo hakuulizwa kama ameridhika na mtambo. Aliondolewa tu kwenye shughuli hiyo.

Hali ilibadilika baada ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Sasa akili unde haikai tena chumba cha nyuma ikitoa alama. Imeketi mezani pa mfanyakazi mwenyewe, ikimsubiri aiulize, aiamuru kufupisha mkataba wa kurasa 80 au kumwandalia barua ya mteja. Ile ya kwanza humpelekea mfanyakazi uamuzi. Hii ya pili humngoja aitafute. Ndiyo maana hiari yake imekuwa jambo la maana kuliko ilivyokuwa awali.

Kukubali si kuendelea

Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Fred Davis, alichapisha utafiti uliosema kwamba mtu hukubali teknolojia kutokana na mambo mawili: anavyoamini itamfaa kazini, na anavyoamini itakuwa rahisi kuitumia. Katika mizani yake, manufaa yalikuwa mazito kuliko urahisi.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi na wahasibu hatashangaa. Jedwali za hesabu za tarakilishi zilipoanza kuenea baada ya VisiCalc kutoka mwaka 1979, hazikuwa rahisi kujifunza. Ila zilimaliza kwa dakika hesabu ambazo zilikuwa zikikesha na mhasibu, naye akazivumilia.

Mwaka 2003, Viswanath Venkatesh akishirikiana na Davis na wengine waliunganisha nadharia kadhaa na kuongeza mambo mengine, yakiwemo ushawishi wa wenzake mfanyakazi na wakubwa wake, pamoja na misaada iliyopo, kwa mfano mafunzo na mafundi wa kukimbiliwa mambo yanapokwama.

Hata hivyo, nadharia hizo zilieleza vizuri zaidi siku ya kwanza kuliko siku ya mia. Aliyeiangalia siku ya mia kwa karibu ni Anol Bhattacherjee, ambaye mwaka 2001 alichapisha utafiti kuhusu watumiaji wa huduma za benki mtandaoni. Aliazima wazo kutoka elimu ya masoko, ambako Richard Oliver alikuwa ameeleza mwaka 1980 kuwa mnunuzi hulinganisha alichokipata na alichokitarajia.

Kwa mujibu wa Bhattacherjee, mtumiaji huingia na matarajio. Baada ya kutumia, matarajio hayo huthibitishwa au huvunjwa. Yakithibitishwa huridhika na kuona kwamba chombo kinamfaa. Kuridhika huko ndiko kulikokuwa na nguvu zaidi katika kueleza nia ya kuendelea, manufaa yakifuata nyuma yake.

Hapa pana funzo ambalo wauzaji wa programu hawalipendi. Anayeahidiwa kwamba mtambo utamwondolea nusu ya kazi, kisha ukamwondolea moja ya kumi, atauacha akiwa na hasira. Mwenzake ambaye hakuahidiwa chochote, akapata moja ya kumi ileile, ataushukuru na kuuendeleza. Chombo ni kimoja na faida ni moja, lakini hatima ni mbili tofauti. Hotuba za uzinduzi zenye maneno matamu huwa zinachimba kaburi la mradi kabla haujatembea.

Mwaka 2007 Moez Limayem na wenzake waliongeza kiungo kingine: mazoea. Walionyesha kuwa jambo likishakuwa tabia, nia haina tena nguvu kubwa juu yake. Mfanyakazi hafikiri kama aendelee au aache. Mkono huenda wenyewe. Hii ina maana kwamba wiki za mwanzo zina uzito mkubwa, kwani ndizo zinazojenga mazoea ya kutumia au ya kukwepa.

Lakini ieleweke kwamba watu wa Bhattacherjee walikuwa wateja. Mteja akichukizwa na huduma ya mtandaoni huenda kwa benki nyingine. Afisa wa mikopo hana njia hiyo. Mfumo ukiwekwa na makao makuu, ataufungua kila asubuhi apende asipende, na takwimu zitaonyesha kwamba anautumia.

Matumizi yake halisi yanaweza kuwa tofauti kabisa. Anaweza kuamua jambo kichwani mwake kwanza kisha akajaza maelezo yatakayoufanya mtambo ukubaliane naye. Anaweza kuandika sababu ileile ya kupinga alama kila mara kwa kunakili na kubandika. Anaweza kutunza daftari lake chini ya meza. Wasomi wengi huuliza kuhusu nia ya kuendelea kwa kutumia hojaji, na majibu ya hojaji hayafiki chini ya meza.

Kosa moja la mashine

Kati ya mambo yote, imani ndiyo iliyo rahisi kupotea. Mwaka 2015, Berkeley Dietvorst, Joseph Simmons na Cade Massey walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walichagua kati ya utabiri wa mwanadamu na ule wa algorithimu, mathalani kuhusu wanafunzi watakaofaulu masomo ya shahada ya uzamili ya biashara. Waliokuwa wameiona algorithimu ikifanya kazi, na kwa hivyo wakayaona makosa yake, walikuwa wazito zaidi kuichagua, hata pale walipoona kwa macho yao kwamba ilimshinda mwanadamu.

Mwanadamu akikosea husamehewa kwa kuwa inadhaniwa atajifunza. Mashine ikikosea huonekana kuwa ndivyo ilivyo.

Utafiti wao uliofuata mwaka 2018 ulikuwa na habari njema zaidi. Watu waliporuhusiwa kurekebisha jibu la algorithimu, hata kwa kiasi kidogo sana, waliichagua mara nyingi zaidi na wakaridhika nayo zaidi. Kilichowaridhisha hakikuwa ukubwa wa marekebisho bali kule kuwa na mkono wao ndani ya uamuzi.

Kwa benki, maana yake ni wazi. Mfumo unaosema "ombi limekataliwa" na kufunga mlango humfanya afisa kuwa tarishi. Mfumo unaosema "ombi hili lina hatari, na sababu kuu ni hizi tatu", kisha ukamwachia nafasi ya kuongeza alichokiona sokoni, humwacha akiwa afisa.

Tuseme mchuuzi wa nyanya mjini Nakuru anaomba mkopo. Simu yake inaonyesha fedha kidogo sana kwa kuwa wateja wake hulipa taslimu, na zile zinazotumwa kwa M-Pesa huingia kwenye namba ya mumewe. Mtambo utamwona maskini asiye na biashara. Afisa aliyepita kwenye kibanda chake mara kadhaa anajua anauza kreti ngapi kwa siku. Kama hana pa kuyaandika hayo, ataamini kuwa mtambo haujui kitu, na dharau hiyo ataihamishia hata kwa maombi ambayo mtambo umeyapima sawasawa kuliko yeye.

Na yapo mengi ya aina hiyo. Mwaka 2019, Jennifer Logg, Julia Minson na Don Moore walichapisha matokeo yanayoonekana kupingana na yale ya Dietvorst: watu wa kawaida walifuata ushauri wa algorithimu kuliko wa binadamu. Waliokataa kusikia walikuwa wataalamu waliozoea kutabiri kila siku, na ukaidi huo ukawafanya wakose shabaha zaidi. Uzoefu wa miaka 25 katika tawi ni hazina, lakini pia ni ukuta.

Kwa upande wa programu zinazoandika na kujibu maswali, tatizo la imani lina sura nyingine. Hizi hukosea kwa lugha fasaha. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vya Marekani wakishirikiana na kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group waliwapima washauri 758. Katika kazi zilizokuwa ndani ya uwezo wa GPT-4, walioitumia walimaliza kazi zaidi kwa asilimia 12.2, na kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 25.1. Katika kazi iliyoteuliwa makusudi kuwa nje ya uwezo huo, walioitumia walipungukiwa kwa pointi 19 za asilimia katika kupata jibu sahihi wakilinganishwa na wasioitumia.

Mpaka kati ya kazi hizo mbili hauonekani kwa macho. Mchanganuzi hupewa majibu mazuri Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kisha Alhamisi akapewa takwimu ambayo haipo popote duniani, kwa sauti ileile ya uhakika. Akiigundua kabla ya kuituma kwa mteja, ataendelea kwa tahadhari. Ikigunduliwa na mkubwa wake, huenda asiifungue tena.

Benki ya Morgan Stanley ilijaribu kuliepa hilo. Msaidizi wa akili unde iliyemzindua Septemba 2023 kwa washauri wake wa fedha alifungwa kwenye maktaba ya benki yenyewe, takriban nyaraka 100,000, ili mshauri aweze kufuatilia jibu hadi kwenye ukurasa lilikotoka. Kupewa chanzo cha habari humpa mtu sababu ya kuamini, na vilevile njia ya kukataa.

Lawama humwangukia nani?

Pengine hakuna pahali ambapo suala la kuendelea kutumia linatatanisha kama katika idara zinazopambana na utakatishaji wa fedha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 kuhusu mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha huitaka benki iripoti miamala ya kutiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha. Shinikizo liliongezeka Februari 2024 wakati shirika la kimataifa la FATF lilipoiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu.

Mitambo ya kuchunguza miamala hutoa tahadhari kwa wingi, na sehemu kubwa yake huwa si kitu: mtu ameuza gari, familia imechanga kwa ajili ya mazishi, mkulima amelipwa bonasi ya majani chai. Afisa huzipitia moja baada ya nyingine. Baada ya kufungua mia ambazo hazikuwa na uhalifu, ile ya mia na moja huisoma kwa jicho moja. Mtambo unaopiga kengele ovyo humfundisha msikilizaji kutosikia.

Ni hapa ambapo akili unde ya kisasa ingeonekana kuwa mkombozi, kwa kupunguza tahadhari zisizo na maana. Kwa nini basi baadhi ya maafisa huisita?

Jibu lipo katika mgawanyo wa lawama. Afisa akiitupilia mbali tahadhari kisha ikaja kuthibitika kwamba ni uhalifu, ataulizwa kwa jina lake. Akiifuata mashine kisha mteja asiye na hatia akafungiwa akaunti, ataseme mfumo ndio ulioamua. Mtu mwenye akili timamu na mkopo wa nyumba wa kulipa atachagua njia ya pili. Takwimu zitaonyesha kwamba anautumia mfumo kwa asilimia mia, na wasimamizi watafurahi. Hilo si kuridhika. Ni woga uliovaa nguo za kuridhika.

Raja Parasuraman na Victor Riley walikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1997, walipotofautisha kutumia mitambo, kuitegemea kupita kiasi, kuipuuza, na kuiweka pasipofaa bila kujali wanaoitumia. Kabla yao, mwaka 1983, mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alikuwa ameonya kwamba kadiri mashine inavyofanya kazi nyingi, ndivyo binadamu anayeisimamia anavyopoteza ujuzi ambao atauhitaji siku mashine itakaposhindwa. Aliyekuwa akisoma mizania kwa macho yake miaka kumi iliyopita, na sasa husoma alama tu, hawezi kuipinga alama hiyo hata akitaka.

Kwa hivyo mwajiri anayetaka wafanyakazi waendelee hana budi kwanza kujiuliza ni kuendelea kwa aina gani anakokutaka.

Kivuli cha kufutwa kazi

Kuna swali ambalo mfanyakazi haliandiki kwenye hojaji: je, ninamfundisha mrithi wangu?

Historia hutoa majibu mawili. Mashine ya kutolea fedha ilipowekwa na benki ya Barclays mtaani Enfield, London, Juni 27, 1967, ilionekana kama mwisho wa makarani wa dirishani. Nchini Marekani haikuwa hivyo kwa miongo kadhaa, kwani tawi likawa la gharama nafuu, matawi yakaongezeka na makarani wakapewa kazi ya kuhudumia na kuuza badala ya kuhesabu noti.

Majibu ya karibuni hayatulizi moyo vivyo hivyo. Februari 2025, mkuu wa benki ya DBS ya Singapore wakati huo, Piyush Gupta, alisema kuwa takriban nafasi 4,000 za wafanyakazi wa muda na wa mikataba zingepungua katika kipindi cha miaka mitatu kutokana na akili unde, huku nafasi mpya zipatazo 1,000 zikibuniwa.

Julai 2025, Benki ya Commonwealth ya Australia ilitangaza kufuta nafasi 45 baada ya kuweka mtambo wa kujibu simu. Chama cha wafanyakazi kilipinga, kikisema simu zilikuwa zinaongezeka na wasimamizi wenyewe walikuwa wakiitwa kuzipokea. Mwezi uliofuata benki ilibatilisha uamuzi huo na kuomba radhi. Nayo kampuni ya malipo ya Klarna ya Uswidi, iliyojigamba Februari 2024 kwamba msaidizi wake wa akili unde alifanya kazi ya watu 700, ilianza tena kuajiri watu wa kuhudumia wateja mwaka 2025 baada ya mkuu wake kukiri kuwa ubora ulishuka.

Visa kama hivi husomwa na wafanyakazi wa benki kote duniani, na wa Nairobi na Mombasa pia. Mfanyakazi anayeamini kwamba kila marekebisho anayoyafanya yanaunoa mtambo utakaomwondoa, atayafanya kwa mkono mzito au ataficha ujuzi wake.

Wasiwasi huo una msingi. Utafiti wa Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond uliotolewa mwaka 2023, uliohusu zaidi ya wahudumu 5,000 wa wateja, ulionyesha kuwa msaidizi wa akili unde aliongeza kazi iliyomalizwa kwa saa kwa asilimia 14 kwa wastani. Walionufaika mno ni wale wapya na wenye ujuzi mdogo, asilimia 34. Wakongwe hawakupata faida ya kutajika. Watafiti walieleza kwamba mtambo ulikuwa umejifunza kutoka kwa mazungumzo ya wahudumu bora na kuwagawia wengine mbinu zao.

Kwa lugha nyingine, ujuzi wa mkongwe ulichukuliwa ukapewa mgeni, na mkongwe hakulipwa. Ni ajabu kumtarajia mtu huyo ashangilie.

Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Sheria hiyo inashughulikia siku ya kuondoka. Miaka inayotangulia siku hiyo, ambayo mfanyakazi huitumia akiufundisha mtambo, imeachiwa mazungumzo kati ya waajiri na vyama kama vile BIFU, kinachowatetea wafanyakazi wa benki, bima na fedha.

Kazi yenyewe na lugha yake

Mambo mengine ni ya kawaida lakini yana nguvu. Mwaka 1995 Dale Goodhue na Ronald Thompson walisisitiza kwamba teknolojia huleta tija ikilingana na kazi inayofanywa. Programu inayofupisha ripoti kwa Kiingereza cha New York humsaidia mchanganuzi wa hisa. Humfaa kidogo afisa wa sacco mjini Kitui ambaye maelezo ya wanachama wake huja kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kikamba, na kwa ujumbe mfupi usio na nukta wala mkato. Mitambo hii ilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, na upungufu wake katika lugha zetu ni sababu tosha ya mfanyakazi kurudia kalamu.

Kuna pia matumizi ya kificho. Mapema mwaka 2023, benki kubwa kadhaa za Marekani zikiwemo JPMorgan Chase, Bank of America na Citigroup zilizuia au kubana matumizi ya ChatGPT kazini kwa kuhofia siri za wateja. Mwaka 2024 JPMorgan ilikuja na mfumo wake wa ndani uitwao LLM Suite, uliowafikia wafanyakazi zaidi ya 200,000. Kinachofanyika pale ambapo pana katazo na hapana mbadala si siri: mtu aliyeonja wepesi huo hutoa rununu yake mfukoni. Kwa sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, kubandika taarifa ya akaunti ya mteja kwenye programu ya nje kunaweza kumtia mwajiri mashakani, hata kama karani alikusudia tu kuwahi basi la jioni.

Sheria hiyohiyo ina kifungu kinachomrudisha afisa wa mikopo mezani. Kifungu cha 35 humpa kila mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito kwa njia ya mashine pekee, ingawa kuna hali ambazo zimeruhusiwa, kama vile uamuzi unaohitajika ili kuingia au kutekeleza mkataba. Hata hapo, mhusika anastahili kuarifiwa kwa maandishi, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine pekee. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake ya akili unde iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, uliweka mitambo ya kupima uwezo wa mkopaji katika kundi la hatari kubwa linalohitaji kusimamiwa na binadamu, na ukataja waziwazi hatari ya msimamizi kuitegemea mno mashine.

Mchuuzi wa Nakuru akirudi na barua ya kuomba ombi lake liangaliwe upya, barua hiyo itapokewa na mtu. Kama mtu huyo ameonyeshwa sababu zilizoufanya mtambo ukatae, ana nafasi ya kuandika alichokiona kibandani, na anajua hataadhibiwa kwa kupinga alama pale alipo na hoja, atakuwa na la kumjibu, na huenda kesho yake akaufungua mfumo huo bila kusukumwa. Kama hana hata moja kati ya hayo, atamwambia mama huyo kwamba tarakilishi imekataa, kisha ataita anayefuata kwenye foleni.